Vifaranga vya Chumba cha Uani

Anayesema vifaranga hulala usiku kucha hajawahi kufuga. Vinalala dakika chache, vinaamka, vinakunywa maji, vinagombana, vinalala tena, na balbu ikiwaka vitaendelea hivyo mpaka asubuhi. Haya nilifundishwa na mama yangu kwenye chumba cha uani cha nyumba tuliyopanga Bariadi mjini, na alinifundisha vizuri. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Mama tulimleta kutoka Sapiwi miezi michache baada ya kumzika baba. Alikuwa na presha, na daktari alitaka awe karibu na kliniki, ameze dawa kila siku, mtu awepo wa kumwangalia. Kijijini angebaki peke yake na ng'ombe watatu. Alikubali kwa shingo upande. Kila baada ya siku mbili alikuwa anakunja vitenge vyake na kuniuliza gari la Sapiwi linaondoka saa ngapi, na mimi nambembeleza, mpaka nikafika mahali pa kubembeleza huku nimenuna.

Wazo la vifaranga lilikuwa la mume wangu. Ni mtu wa Tanga, mpimaji wa ardhi, aliletwa huku na kazi. "Mpe kitu cha kulea," aliniambia. "Akiwa na cha kulea hataulizia gari." Tukaagiza hamsini kutoka Mwanza, vya siku moja, vikaja kwa basi ndani ya boksi lenye matundu. Kondakta alipotukabidhi alishukuru yeye, si sisi. Alisema vimempigia kelele safari nzima.

Vilikaa na mama chumba cha uani. Mama mwenyewe alikuwa analala huko kwa sababu ambayo kwetu haihitaji kuelezwa, lakini mume wangu ilibidi aelezwe. Kwa Wasukuma wa rika la mama, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na mahali mama mkwe anapolala, mkwe hakanyagi. Mume wangu alishika haraka kuliko nilivyotegemea. Kabla ya kutokea uani alikuwa anakohoa mara mbili, mama ajue na ajifunike. Mimi mwalimu, mtoto wa pale pale, ndiye niliyekuwa nacheka na kuyaita mambo ya kizamani.

Usiku wa kwanza vifaranga vilipiga kelele mpaka nikajuta. Niliingia na kumkuta mama amepiga magoti kwenye maranda, anasikiliza.

"Hiyo kali ni ya baridi," alisema. "Vinamwita mama yao. Vikiona joto utasikia vinaongea polepole, kama watu wanaopanga safari. Vikinyamaza kabisa, vimelala. Ukisikia kimya, mayu, usije kuviamsha."

Mayu ni mama, lakini mama zetu huwaita hivyo mabinti zao pia. Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu msiba.

Alikuwa na chungu chake cha udongo. Umeme ukikatika, na Bariadi ukiamua kukatika unakatika, alijaza chungu makaa ya moto, akayafunika kwa majivu, akakiweka katikati, na dirisha la juu akaliacha wazi. Ndani ya nusu saa kelele zinaisha. Siku moja niliingia baada ya kelele kuisha nikavikuta vimetawanyika, shingo zimenyooshwa chini, vijicho vimefumba, miguu imetupwa nyuma. Nikajua vyote vimekufa. Nikakigusa kimoja. Kiliruka, vikaamka vyote hamsini, na chumba kikalipuka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilisimama pale na aibu yangu nikiona raha isiyo na kifani, kwa sababu mama alikuwa anacheka.

Hakuuliza gari tena. Wiki mbili nzima. Presha ikashuka, na nesi wa kliniki akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Halafu ukaja usiku wa mvua. Umeme ulikatika, na vifaranga vikaanza ile kelele kali. Nilikuwa nimesahihisha mitihani tangu jioni, macho yananiuma. Nilivuta shuka kichwani nikimsubiri mama aamke kuweka chungu. Kelele ziliendelea, zikapungua, kisha kukawa kimya.

Mume wangu akakaa kitandani. "Mbona vimenyamaza ghafla?"

Nilijua kwa nini. Ningeweza kumwambia, vimepata joto, lala. Badala yake nilinyamaza, na yeye akaendelea kuwaza kwa sauti: mkaa, chumba kidogo, mvua, labda mama amefunga dirisha lile la juu. Wazo hilo likaniingia na mimi. Nikaogopa. Ila nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nimeogopa, na nje kulikuwa na matope.

"Nenda wewe," nikamwambia.

Akasita. Nakumbuka alisita. "Mimi?"

"Nenda tu. Kama ni mkaa utasubiri mila?"

Akaenda. Nilimsikia akikohoa mara mbili kwenye mvua. Nikamsikia akigonga, akiita mama, akigonga tena. Mvua ilikuwa inapiga bati, na siku hizo mama alikuwa analala usingizi mzito. Nikasikia mlango ukisukumwa. Kisha vifaranga vyote vikaamka kwa mpigo.

Alirudi amelowa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, alisema, chungu kiko salama, vifaranga vilikuwa vimelala. Kwa sababu ya joto la chungu, mama alikuwa amelala bila kujifunika. Alimulika kwa tochi ya simu kabla hajajua anamulika nini, na mama akafumbua macho kwenye ule mwanga. Mume wangu alisimulia haya akiwa ameangalia sakafu.

Asubuhi nilimkuta mama amekwisha kukunja vitenge. Ameshavilisha vifaranga na kubadilisha maji.

"Ulikuwa wapi usiku?" aliniuliza.

Alikuwa ananiangalia usoni. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema kweli. Kama angejua ni mimi niliyemtuma, hasira zingenijia mimi, mtoto wake, na mtoto anafokewa, anasamehewa, maisha yanaendelea. Ningeweza kupiga magoti. Nikasema, "Nilikuwa nimelala."

"Basi aliogopa moshi," mama alisema. "Najua. Ni kijana mzuri. Lakini nitamwangaliaje?"

Mume wangu alikuwa tayari kwa lolote, mbuzi, kondoo, kuomba radhi mbele ya wajomba zangu. Mama alimtumia salamu kwamba hakuna haja. Alipanda gari la Sapiwi siku ile ile. Vifaranga alituachia, akanisisitizia chungu kisikose majivu.

Nilimpelekea dawa kila nilipopata nafasi, na nafasi zilikuwa chache kuliko nilivyomwahidi. Siku za kliniki akaanza kuziruka. Msimu wa kuvuna pamba ulipofika, majirani waliona mlango wake umefungwa mpaka jua limepanda, na ng'ombe hawajatolewa zizini. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na mlango. Hatujui alianguka saa ngapi, wala kama aliita.

Msibani shangazi zangu walikuwa wameshasikia kwamba mama aliondoka mjini kwa sababu mkwe alimwingilia chumbani. Walilisema hilo kwa sauti ya kusikika. Mume wangu alikaa mbali, karibu na zizi, siku zote tatu, akipelekewa chakula kama mgeni asiyejulikana. Sentensi moja yangu ingemtoa pale. Nilikuwa jikoni na shangazi hao hao, napepeta mchele. Sikuisema. Naye hakuisema, hata tulipobaki wawili ndani ya gari, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha ni nani alimwambia nenda.

Mwezi uliopita tulileta vifaranga vingine. Usiku wa tatu umeme ukakatika, vikaanza kulia. Mume wangu aliamka kabla yangu, akawasha mkaa, akajaza chungu cha mama, akafunika majivu. Nilimfuata uani. Chumba kile hakina kitanda tena, kuna maboksi na maranda tu. Alisimama nje ya mlango ameshika chungu kwa kitambaa, akakohoa mara mbili, akasubiri.

Nikakipokea, nikaingia mimi.