Kura ya Dedan na Fuawe Yake

Mgeni Haidari alikuwa mtu mfupi, na ufupi huo ndio uliomlisha yeye na watu wa nyumbani kwake kwa miaka ishirini. Tangi la maji halitengenezwi na fundi mmoja. Bati likishakunjwa likawa duara, lazima mmoja aingie ndani na kipande cha chuma, akishikilie nyuma ya kila ribiti, ule msumari mfupi wa kuunganishia bati, na mwingine abaki nje na nyundo. Mafundi wa bati wa Kariobangi, Nairobi, walimwita huyu mkono wa nje na yule mkono wa ndani. Mgeni alikuwa mkono wa ndani. Aliteleza kwenye mdomo wa tangi kama paka anayelijua dirisha la jikoni. Mkono wake wa nje alikuwa Dedan, mtu wa Murang'a mwenye mabega ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yangehitaji mlango wa kanisa.

Mgeni alizaliwa Pumwani. Siku hiyo nyumba yao ilikuwa imejaa watu waliokuja kutoka Lamu kwa harusi ya shangazi yake, na bibi yake alipoonyeshwa mtoto akasema, "Na huyu naye kaja na wenzake," basi jina likawa hilo. Alikulia kati ya lugha nyingi. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, Kikuyu cha sokoni, na Kikamba alikipata kwa mzee wa Machakos aliyemfundisha kazi. Ndiyo maana alihesabu ribiti kwa Kikamba, na kwa Kikamba pia alitukana, taratibu, bila kuinua sauti, akiwa ndani ya tangi ambako hakuna aliyemsikia vizuri.

Mwaka wa themanini na nane mafundi walitakiwa kuchagua mwenyekiti wa umoja wao. Aliyekuwa kitini ni Thuo, naye aliutaka tena uenyekiti. Kwenye barua aliandikwa mwenyekiti. Cheo cha rais nchini kilikuwa cha mtu mmoja tu na hakikuchezewa. Lakini kwenye vibanda, watu wakiwa wanaaminiana, walimwita Rais. Wengine walisema kwa mapenzi, wengine kwa meno yaliyobanana.

Uwanja ule ulikuwa umegawanyika kwa sababu yake. Thuo ndiye aliyewatafutia paa. Alikwenda ofisi hii na ile kwa miezi kumi, akarudi na mabati na nguzo, na kwa mara ya kwanza nusu ya mafundi wakafanya kazi kivulini. Nusu. Nani akae chini ya paa na nani abaki juani, aliamua yeye, na hakuficha alivyoamua. Alikuwa na mdomo pia. Katika mikutano ya kampeni alizoea kusema, "Uwanja huu una wenyeji na una wageni," kisha anamtafuta Mgeni kwa macho na kuongeza, "Sisemi mimi. Mwenyewe jina lake amekubali!" Watu wakacheka. Mgeni alikuwa amezaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale, na Thuo alikuwa ameshuka Nairobi mwaka wa sitini na nne akiwa kijana wa kubeba gunia. Hilo halikumzuia mtu kucheka.

Dedan hakucheka. Lakini Mgeni aliona pia kwamba hakusema kitu.

Uchaguzi ulifanywa Jumamosi asubuhi kwa mtindo uliokuwa umeingia nchini siku hizo, wa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Unasimama nyuma ya mtu wako, jua linakuona, jirani anakuona. Thuo alisimama upande wa paa. Nyongesa, mfua vyuma wa siku nyingi aliyempinga, alisimama upande wa barabara. Mistari miwili ikanyooka ikitazamana, watu wakirushiana maneno.

"We Nyongesa, mstari wako unaenda wapi, msalani?"

"Unaenda kazini! Huo wenu ni wa kungoja chai!"

Mgeni alikwenda kwa Nyongesa moja kwa moja. Alipogeuka kutazama mbele, aliyekuwa mkabala naye hasa, hatua sita tu kutoka kwake, ni Dedan. Alikuwa kwenye mlolongo wa Thuo. Mgeni hakushangaa. Masika ya mwaka uliotangulia barabara zote zilikuwa tope, na mke wa Dedan, Jecinta, alishikwa na uchungu wa uzazi mchana kweupe na hakuna gari lililokubali kuja. Ni Thuo aliyekuja na pikapu yake, akaisukuma yeye mwenyewe ilipokwama, akamfikisha hospitali. Mtoto alikuwa hai kwa sababu hiyo. Yote hayo Mgeni aliyajua. Hata hivyo, kuyajua na kumwona mtu amesimama pale si kitu kimoja. Wote wawili wakaangalia viatu vyao mpaka hesabu ikaisha.

Thuo mia moja kumi na nne. Nyongesa mia moja na tisa.

Upande wa paa ulilipuka. Walichukua sufuria, vifuniko, karai, chochote kilichokuwa na sauti, wakavipiga mpaka wanawake wa sokoni wakaja kuuliza ni moto wapi. Wanyoike, aliyekuwa kama mdomo wa pili wa Thuo, alipanda juu ya pipa na kucheza mpaka likapinduka. Upande wa barabara watu walisimama wakihesabu wenyewe upya, wakitafuta watu sita ambao wangebadilisha mambo. Kavata, muuza makaa, alikaa juu ya gunia na kulia waziwazi, kisha akapangusa uso na kuuliza nani anataka makaa. Mafundi wawili wakaapa kwamba hawatakula tena githeri, mahindi na maharage ya Wangu, mwanamke aliyewapikia pale uwanjani, kwa kuwa alipiga vigelegele. Saa saba njaa ilipowashika, mmoja alimtuma mwenzake amletee. Na mtu mmoja aliyeonwa na uwanja mzima nyuma ya Nyongesa alikuwa tayari anamweleza Thuo, mkono kifuani, kwamba alisimama kule kwa ajili ya kivuli tu cha lori.

Baada ya vigelegele Thuo alizungumza. Alishukuru. Kisha akasema mpango wa nafasi utaangaliwa upya, na kufikia Jumatatu wageni watahamia mwisho wa uwanja, juani, wapishe wenyeji. Mgeni na Dedan walikuwa na nafasi moja chini ya paa. Safari hii Thuo hakumtafuta Mgeni kwa macho. Hakuhitaji.

Kulikuwa na tangi lililofika nusu, la zahanati ya akina mama huko Dandora. Muuguzi wake, Teresiah, alikuwa amelisubiri wiki tatu, akichotewa maji kwa mikebe. Mchana ule Mgeni aliingia ndani kama kawaida, na Dedan akashika nyundo. Wawili hao walikuwa na desturi yao. Kabla ya kila pigo Dedan huuliza, "Uko?" na Mgeni hujibu, "Niko," maana chuma kisipokuwa mahali pake nyundo hupasua bati, au kidole. Walikuwa wameulizana na kujibizana hivyo mara nyingi hivi kwamba maneno yenyewe yalikuwa yamebaki kama pumzi. Siku hiyo Dedan hakuuliza. Alipiga tu. Pigo la tatu lilimbana Mgeni kidole cha shahada, akakaa gizani akikinyonya, akisubiri aulizwe kama ameumia. Kisha akasikia nyundo ikiwekwa chini na hatua zikiondoka.

Nyumbani, Muhiba alikifunga kile kidole kwa kitambaa.

"Juani si kitu," Mgeni alimwambia mkewe. "Kazi yetu yenyewe inaitwa jua kali. Lakini Dedan akibaki kivulini atapewa mkono mwingine wa ndani. Na mimi na miaka hamsini hii, nitamfundisha nani kunipiga nyundo?"

"Umemwuliza?"

"Ana macho. Amesikia."

"Kusikia ni kitu kingine. Nimekwambia, umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza, na Jumapili nzima hakwenda kumwuliza. Aliogopa jibu.

Jumatatu aliwahi kufika ili ahame kabla ya kuhamishwa. Alibeba mkasi wa bati, jiko la kulehemia na kiti chake cha gogo, akavipeleka mwisho wa uwanja. Aliporudi kulibingirisha tangi akakuta mafundi wamekwisha kuja, na Dedan amesimama kando ya fuawe yake. Ile ilikuwa kipande cha reli cha kupondea bati, kizito, ambacho watu wawili walikiogopa. Dedan alichuchumaa, akakikumbatia, akanyanyuka nacho, mishipa ya shingo imemtoka, na kuanza kutembea kuelekea juani.

Wanyoike aliruka. "Dedan! We Dedan! Unaenda wapi na hiyo? Wewe ni wetu, bwana!"

"Namsindikiza mgeni," Dedan alisema.

Kicheko kilianza, kikakatika. Hakuna mtu pale, wa bara au wa pwani, asiyejua kwamba mgeni akiondoka mwenye nyumba huinuka akamsindikiza. Ni adabu ambayo hata maadui hutimiziana.

"Unamsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka afike."

Thuo alitoka kwenye kibanda chake, kikombe mkononi. Aliitazama fuawe, akamtazama aliyeibeba. "Dedan. Si ulisimama nyuma yangu juzi? Si kura yangu ulinipa?"

"Nilikupa, mwenyekiti. Kesho ukisimama nitakupa tena. Ulimfikisha Jecinta." Alikuwa anahema, jasho linamwingia machoni, na hakuiweka chini. "Kura nilikupa. Fuawe sikukupa."

Thuo alikunywa chai. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha anayoifahamu nusu. "Haya," alisema mwishowe. "Jua ni la bure," akarudi ndani.

Mgeni alibaki ameshikilia tangi kwa mikono yote miwili. Kisha akalibingirisha nyuma ya Dedan.

Kule mwisho Dedan aliitua fuawe, akakaa juu yake, akauangalia mkono wa mwenzake.

"Kidole kikoje?"

"Kiko."

"Sikukuuliza siku ile. Niliona haya. Nikisema uko, utasema niko, na mimi nilikuwa nimesimama kule." Alikuna kichwa. "Na nisingesimama kwingine, Mgeni. Nakwambia ukweli."

"Najua. Mimi pia nisingesimama upande wako."

"Basi ingia. Kabla bati halijawa kikaango."

Na kweli likawa kikaango. Kufikia saa tano ndani ya tangi hapakukalika. Dedan alitandika magunia juu yake na kuyamwagia maji, yakakauka, akayamwagia tena, mpaka debe likaisha. Alipokuwa anatafuta pa kuchota alimwona Wangu akija na ndoo kichwani, Wangu yuleyule wa vigelegele. Hakumsalimu mtu. Alimwaga maji juu ya magunia, akasema, "Mtu atachomeka humo kama kiazi," akaondoka. Baada ya saa moja akarudi na nyingine. Siku tatu alifanya hivyo, na Mgeni, kila aliposikia maji yakitambaa juu ya kichwa chake na hewa ikipoa, alisema asante mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Alisema kwa Wangu, kwa Dedan, kwa ile reli nzito, kwa Mungu aliyempa umbo la kuingia mahali kama pale na mtu wa kumwuliza kama yuko.

Alhamisi tangi likaisha, wakalijaza maji kulipima. Tangi likijaribiwa kila fundi huja kuangalia, hata mwenye kinyongo, maana hakuna fundi wa bati anayeweza kupita tangi jipya bila kutafuta linapovuja. Wa paa walikuja, wa barabara walikuja, wakalizunguka wakilipapasa. Nyongesa alilisifu mshono. Wanyoike aligonga hapa na pale na kusema "mm." Kisha akaja Thuo. Hakuongea na mtu. Alipiga goti kwenye vumbi na suruali yake safi, akapitisha kidole polepole kwenye kiungo cha chini, kwa namna ya mtu aliyefanya kazi ile kabla ya kuwa na kibanda cha ofisi. Kidole kikasimama.

"Hapa panatoa jasho."

Dedan aliinama. "Sioni."

"Hutaona. Litaonekana Dandora wiki ijayo, sakafu ya akina mama imejaa maji." Alipaweka alama kwa ukucha. "Mwageni yote. Ipigwe ribiti moja kutoka ndani, mlehemu upya, msiwe na haraka."

Alisimama, akajipangusa goti. Hakusema warudi kivulini, na wote waliokuwepo walijua kwamba hatasema.

"Asante, mwenyekiti," Mgeni alisema.

Lilimtoka bila kulipanga, na lilikuwa la kweli. Thuo aliitikia kwa kichwa na kwenda zake.

Dedan alingoja mpaka Thuo amefika mbali. "Umemwita mwenyekiti."

"Si ndiye?"

"Ndiye." Dedan alilegeza kizibo cha chini, maji yakaanza kuruka. "Nilifikiri utampa lile tusi lako la Kikamba."

"Hilo nimempa siku tatu mfululizo, humo ndani. Leo amepata asante," Mgeni alisema, akavua viatu akingoja maji yaishe.