Galma Alivyomwoza Mchumba Wake

Galma wa Bulla Pesa, Isiolo, alianza udairekta kwa kupiga video za harusi, kazi ambayo dairekta halisi ni mama wa bibi harusi. Alisukumwa, akazomewa, akaambiwa ahamishe kamera kwa sababu inaziba pilau. Ndiyo maana stesheni moja ya runinga ya Nairobi ilipompa tamthilia aiongoze, aliapa kwamba kwake hakutakuwa na kujifanya. Kofi likihitajika, mtu alizabwa. Mwigizaji wa kulia njaa alinyimwa chakula cha mchana. Wakosoaji waliita hiyo sanaa. Waigizaji walikuwa na jina lingine, ila haliandikiki.

Basi siku ya kupiga sini ya harusi, katika nyumba moja ya mtaa wa Wabera, akaleta sheikh wa kweli. Bibi harusi alikuwa Hamdi, mchumba wake Galma mwenyewe, ambaye wangeoana naye Ijumaa ya wiki hiyo. Bwana harusi alikuwa Huqa, kijana mwenye sura nzuri na akili ya kuitunza. Baba wa bibi harusi akawa Mzee Molu, baba mzazi wa Hamdi, kwa sababu hakuna mzee anayelia vizuri kama anayemtoa binti yake.

Hamdi aliulizwa kama ameridhia, akainamisha kichwa, akanyamaza, kama skripti ilivyotaka. Mzee Molu akamshika Huqa mkono. Kwenye skripti binti aliitwa Zeinab, lakini machozi yalikuwa yameshamlemea mzee.

"Nimekuoza binti yangu Hamdi," akasema.

"Nimekubali," Huqa akajibu.

Galma hakukatiza. Machozi ya kweli yalimfurahisha mno. Sheikh alipomaliza dua, Galma akapiga makofi, akasema hiyo imeingia, twende sini nyingine. Hakuna aliyeinuka. Kinoti, mpiga picha wake Mmeru, akauliza kama taa zimemsumbua mtu.

"Ndoa haina mchezo," sheikh akasema polepole. "Hata ukiitamka kwa utani, imefungwa. Huyu ni mke wa Huqa."

Galma akacheka, peke yake. Akaeleza kwamba hii ni filamu. Sheikh akamkumbusha ni nani aliyemfuata msikitini akisema hataki sheikh wa kuigiza. Walii, yaani baba wa bibi harusi, ni wa kweli, jina ni la kweli, mashahidi wamesikia. Kilichobaki ni talaka, na talaka iko mdomoni mwa mume.

Wote wakamgeukia mume. Huqa akaegemea mto, akachagua kijiti cha miraa, akakimenya bila haraka.

"Dairekta," akasema, "yule nyoka wa kwenye skripti, sehemu inayofuata, bado ananiua?"

Galma akajibu kwamba hadithi imeshaandikwa hivyo, marehemu ni marehemu. Huqa akasema basi sawa, mjane wake atamlilia vizuri. Mzee Molu akaanza kuzungusha fimbo mkononi. Macho ya Hamdi yalikuwa kwa Galma, na hayakupepesa. Nje habari ilishafika dukani. Vigelegele vikasikika langoni, boda ikazima, na mama yake Huqa akateremka na kanga mpya begani, akiuliza mkwewe yuko wapi, amekuja kumchukua.

Galma akaangalia mlango. Akaangalia skripti.

"Nyoka amekufa," akasema.

"Nafika mpaka mwisho wa tamthilia?"

"Mpaka mwisho, Huqa. Sema."

Huqa akatema majani. "Hamdi, nimekuacha."

Sheikh akathibitisha: hawajawahi kukaa faragha, hakuna eda ya kungojea, binti yuko huru sasa hivi. Galma akaruka palepale, akamwomba sheikh asiondoke, amfungie yeye ndoa, si watu wako hapa tayari.

Fimbo ya Mzee Molu ikatua mbele ya miguu yake.

"Na wewe ni nani?"

"Abba, ni mimi. Galma."

"Galma nilimpa binti, akamshikisha mwanamume mwingine mkono wangu. Kama wewe ni mwingine, tuma wazee wa posa. Tuanze na kahawa."

Wazee walienda Ijumaa hiyo na kahawa, sukari na tumbaku. Mzee Molu alikunywa, akashukuru, akasema warudi mvua ikinyesha. Mvua ya Isiolo mnaijua ilivyo adimu.

Tamthilia haingoji mvua. Huqa yuko hai, anang'aa, na mwenye mke kwenye hadithi lazima aonekane na mkewe. Kila asubuhi Galma husimama nyuma ya kamera, akimwelekeza Hamdi: sogea karibu kidogo, mtazame Huqa kama mumeo.

Na Hamdi humtazama.