Kamera ya Mkwe Kwenye Zizi la Mbuzi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo mkwe wangu Ochieng alifunga kamera kwenye nguzo ya zizi langu hapa Magunga. Fisi wa mbugani walikuwa wakinimalizia mbuzi, naye anafanya kazi na watu wa wanyamapori, akaona anisaidie. Nilishukuru. Kisha nikakumbuka kwamba njia ya kwenda kwenye bafu langu la mabati inapita palepale, nami huenda huko na leso moja tu.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu mama mkwe, yaani maro, na mkwe wake hupishana kwa heshima. Nikiwa msichana nilimwona bibi yangu akijitosa kwenye mahindi kwa sababu mume wa shangazi alikuwa anakuja. Mkwe akikuona hujavaa, mambo hufika kwa wazee, na ndoa ya mtoto wako hutikisika. Niliogopa kweli.

Nikamwita binti yangu Akinyi. "Hiyo kitu inaangalia saa zote?"

"Hapana, Mama. Inalala. Ikisikia joto inatembea mbele yake, inaamka inapiga picha."

"Na joto ikisimama?"

"Haiamki."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nikawa napiga hatua, nasimama tuli, napiga nyingine. Kurudi sikuwa na wasiwasi sana, maana maji baridi yameshanipoza, lakini kwenda je? Siku nyingine nilijifunika blanketi, nikatoka jasho, nikawaza kwamba sasa nimejiongezea joto na kamera imeniona vizuri zaidi. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu! Mwishowe nikamwambia Akinyi mumewe achukue kitu chake na asikanyage tena bomani kwangu. Akinyi alilia.

Kesho yake Akinyi alikuja mwenyewe kuifungua, akiwa na laptopu. Akachomeka kile kikadi cha picha, tukatazama. Mbuzi. Nyasi, nyasi tena, nyasi tupu. Akinyi akasema jua likizipasha na upepo ukizitikisa, kamera hudhani ni mnyama. Fisi akichungulia. Kisha blanketi limesimama kwa mguu mmoja, karai kichwani. Tulicheka hadi tukashikana.

Halafu kicheko kikanikauka. "Ochieng ameona hii?"

"Hajaona hata moja. Tangu siku ya kwanza aliniambia, 'Maro anapita hapo. Angalia wewe kwanza, utoe zake, ndio unipe.'"

Nilimtuma Akinyi amwambie mumewe kwamba jogoo wake wa kuchinjiwa anamngoja, na kamera ibaki.

Hadi leo sielewi nyasi zinawezaje kudhaniwa fisi. Lakini mwanangu, ukifunga jicho kama lile kwa mtu, mweleze kwanza linatazama wapi na nani ataona picha, asiteseke kwa kubahatisha. Nawe ukiwa huelewi, uliza mara ya pili kabla hujamfukuza mtu. Nyasaye, Mungu wetu, akupe macho makali, na akufundishe mahali pa kuyafumba.