Nyumba Iliyoonekana Kutoka Juu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikataliwa darasa la kwanza kwa sababu ya duara. Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, na vyeti vyangu mke wangu amevihifadhi katika katoni ya viatu, lakini mtihani ninaoukumbuka vizuri ni ule wa nasari, yaani chekechea, kule nyumbani Kimulot.

Mwalimu wetu alifundisha maumbo kwa fimbo moja. Kwa ncha yake alichora udongoni duara, mraba, pembetatu na mstatili. Sehemu iliyobaki ya fimbo ilikuwa ya kutukumbusha migongoni. Aliyekosea alisimama ndani ya umbo lililomshinda mpaka wenzake wamalize uji. Mvua ikimkuta humo, shauri yake.

Asubuhi ya intavyu ya kuingia darasa la kwanza mama alifunga kikapu cha kuchumia chai mgongoni, akaniambia, "Ukianguka, mwaka ujao utakaa dawati moja na huyu." Huyu alikuwa dada yangu mdogo, ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Nilitembea hadi shuleni nikiomba Mungu.

Mwalimu alikaa mlangoni pamoja na mwalimu mkuu. "Chora nyumba," akaniambia.

Walitaka mraba wenye pembetatu juu yake, kama ule uliochorwa ukutani mwa darasa. Mimi nikachora duara, na nukta katikati. Boma letu lilikuwa bondeni, na njia ya shule ilipanda mlima wa ng'ambo katikati ya mashamba ya chai. Kila asubuhi niligeuka nikaiona nyumba yetu ya nyasi kule chini: duara, na ncha ya paa katikati. Nikiwa karibu niliona mlango, moshi na mama. Nyumba nzima niliiona kutoka juu tu.

"Hii ni nyumba ama ni chapati?" mwalimu akauliza.

"Kwao bado ni nyasi, mwalimu," akadakia mtoto mmoja kwenye foleni, ambaye kwao kulikuwa na mabati mapya.

Mwalimu mkuu akaishika karatasi yangu, akaigeuza huku na huku. "Haijaiva," akasema. "Rudisha kwa jiko mwaka mmoja."

Foleni nzima ilicheka. Niliitwa Chapati kabla sijafika getini.

Jioni mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kutua kikapu. Kisha akamgeukia dada yangu. "Shule ikifunguliwa, umshike kaka yako mkono. Asipotee."

Na kweli alinishika, mwaka mzima, mbele ya watu.

Intavyu iliporudi, dada yangu aliitwa kwanza. Akachora mraba, pembetatu, na dirisha ambalo hakuna aliyemwomba. Akapigiwa makofi. Nikasogea, kalamu tayari, mraba wangu nimeukariri hata usingizini.

"Wewe," mwalimu akasema, "chora chapati."

Nikachora. Lilikuwa duara safi kabisa, na nikapita, nikaketi dawati moja nyuma ya dada yangu.