Maneno Yasiyo na Pombe

Kila mara Ananie alipomtukana Kanyere, kesho yake asubuhi alituma mtu kuomba msamaha. Mtu huyo alifika Kimemi, mtaani kwa Kanyere, na ujumbe uleule: usiweke moyoni, mama, ni pombe ilisema. Halafu ukoo uliketi, Ananie akaleta mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wote wakanywa pamoja na neno likaisha. Ndivyo ukoo wao ulivyozoea. Aliyesema akiwa amelewa alihesabiwa kama hakusema.

Ananie, mwalimu mstaafu, alikuwa kaka mkubwa wa Paulin, mume wa Kanyere, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini miaka sita iliyopita. Paulin alikunywa sana, na mara nyingi alikunywa na kaka yake huyohuyo. Lakini tangu mazishi, sherehe yoyote ilipofika katikati, Ananie alisimama na glasi mkononi na kutangaza kwamba Kanyere ndiye aliyemuua ndugu yake, kwamba alimtilia sumu ndani ya kanyanga, pombe kali aliyoipika mwenyewe. Alilisema kwenye ubatizo, alilisema kwenye matanga. Mwaka juzi alilisema mbele ya familia moja kutoka Vuhovi iliyokuja kumposa Falonne, binti pekee wa Kanyere. Wale wageni walimaliza chakula, wakashukuru, wakarudi kwao, na hawakuonekana tena. Falonne alijifungia chumbani siku mbili. Siku ya tatu mtungi ukaletwa, na Kanyere akanywa, kwa sababu asingekunywa, yeye ndiye angeitwa mwenye moyo mbaya.

Kuanzia siku hiyo alimchukia Ananie kwa utaratibu, kama mtu anayefanya kazi.

Kazi ya kupika kanyanga Kanyere alikuwa ameiacha wiki ileile aliyomzika Paulin. Pipa, bomba na beseni la maji baridi vilikaa nyuma ya jiko vikishika kutu, mpaka alipoona kwamba kuna watu wanaotaka kuketi kwenye sherehe na glasi mkononi bila kulewa. Wengine walikuwa na sukari, wengine walikuwa wamefunga Kwaresima, na vijana walisema tu wanataka kuamka na kichwa chao wenyewe. Akasugua pipa. Alichemsha mchaichai na maganda ya machungwa, mvuke ukapita ndani ya bomba, yakatoka maji yenye harufu kali. Akachanganya na gome chungu la kinkina lililochemshwa, na maji ya tangawizi mengi, ili koo liungue. Chupa za kwanza zilikuwa kama dawa, za pili kama manukato. Mwaka wa tatu Sajini Kalala, mtu wa Kasai aliyekatazwa pombe na daktari, alionja, akakohoa, akafumba macho.

"Mama, hii inadanganya mwili," alisema.

Kanyere alicheka pamoja na wengine, lakini neno lile alilibeba mpaka kitandani, na asubuhi alikuwa bado nalo.

Misa ya kumbukumbu ya Paulin ilisomwa Jumamosi mchana. Baada ya misa Ananie alitembea kando ya Muzee Maliro, mkubwa wa ukoo, na wakaketi pamoja nyumbani kwa Kanyere. Mezani kulikuwa na chupa sita, na kila moja ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa jina la kinywaji chake: Mulima, sans alcool, yaani bila pombe. Kanyere alizigeuza ili maandishi yawatazame wageni. Hakutaka kusema uongo. Alitaka tu asiulizwe.

Ananie alijimiminia kabla ya sala ya chakula. Alinusa, akanywa, akapangusa machozi, akasema shemeji yake hatimaye amerudia kazi yake ya kweli. Katekista Lusenge, aliyenunua Mulima chupa mbili kila wiki, alifungua kinywa. Kanyere alimtazama na kumwongezea nyama.

Kwenye glasi ya tatu ulimi wa Ananie ulikuwa mzito. Kwenye ya tano alishika ukuta. Kanyere hakujua kama anaigiza au kama mwili wake, baada ya miaka mingi, ulikuwa umeikariri njia ile hadi ukaenda peke yake. Hakutaka kujua. Alimtazama kwa furaha iliyomuuma kifuani.

"Bote munajua," Ananie alisema. "Huyu mwanamuke aliua Paulin. Sumu. Minasema, na nitasema tena."

Siku nyingine Kanyere angeinamisha uso. Safari hii alimwomba kwa upole arudie, ili waliokuwa uani nao wasikie. Akarudia.

Asubuhi mjumbe alikuja, na kikao kikaketi kwa Muzee Maliro, mtungi ukingoja mbele yake. Ananie alitoa maneno yake ya siku zote: anaomba msamaha, pombe ndiyo iliyosema. Maliro alikuwa ameshaunyooshea mtungi mkono wakati Kanyere alipoweka chupa nzima ya Mulima mbele yake.

"Muzee, pombe gani?"

Lusenge akasoma karatasi, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Akasema yeye hajagusa pombe miaka kumi na mmoja, na jana alikunywa glasi nne kisha akaongoza rozari bila kupotea. Maliro alifungua chupa, akanusa, akanywa, akangoja. Watu wote waliuangalia uso wake kama maziwa yaliyo motoni. Akanywa tena.

"Haina," alisema. "Haina kitu."

Kijana mmoja nyuma alishika ukuta na kulegeza magoti. Kicheko kilitoka nyumbani kikafika barabarani.

"Alinidanganya," Ananie alisema.

"Mais ilikuwa imeandikwa, shemeji. Ulifundisha batoto kusoma miaka makumi mbili."

Maliro aliusukuma mtungi kando kwa mguu. Alisema neno la mtu mwenye akili timamu lina mwenyewe. Ananie alete ushahidi wa sumu, au asimame alifute neno lake kwa kinywa chake. Ushahidi haukuwepo.

Hapo Emérence, mke wa Ananie, aliyekuwa ameketi na wanawake karibu na mlango, alisema bila kuinua sauti, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Jonathan, na zile siku zingine? Ulinivunja mukono. Asubuhi ulilia, ukasema ni pombe. Donc ilikuwa pombe gani?"

Kicheko kilikufa. Kanyere alikuwa amepanga kila kitu, ila hili hakulipanga. Ananie alimtazama Maliro, akautazama mtungi. Emérence akainuka, akaja kuketi kando ya Kanyere bila kumwangalia.

Maliro akamwamuru Ananie asimame.

"Kanyere hakuua Paulin," Ananie alisema chini chini.

"Sikusikia," Kanyere alisema.

Akasema tena.

"Batu ba inje hawakusikia."

Mara ya tatu sauti yake ilivunjika, na baadhi ya wanawake waliinamisha nyuso, wakimwonea haya. Maliro alimuuliza Kanyere kama inatosha. Alitaka kusema ndiyo. Lakini aliukumbuka mlango wa Falonne uliofungwa siku mbili, na kando yake ulikuwepo mkono wa Emérence, uliopinda pale mfupa ulipoungana vibaya.

"Mara moja tena," alisema. "Na kisha ujibu muke wako."