Riyama na Betri ya Duka la Dawa

Mpwa wangu Riyama, wa Mpendae, ni fundi umeme. Yeye anasema ufundi kausomea chuoni. Uongo, karithi kwangu. Mimi shule niliiacha katikati, nayo haijapona mpaka leo.

Anaangalia umeme wa duka la dawa la Bi Sukaina, huku Mji Mkongwe. Friji ya duka lile imebeba insulini ya nusu ya mtaa, yangu ikiwemo. Ikipata joto, ya kumwaga. Umeme ukikatika, friji huendeshwa na betri iliyo chini ya meza. Betri ile niliifunga mimi, kwa mikono hii, mwaka wa nne sasa. Nikamwambia Bi Sukaina, "Taa ya kijani ikiwaka, wewe lala."

Siku ya kwanza ya kazi, Riyama akaitazama taa yangu.

"Mjomba, taa hii inasema umeme wa ukutani upo. Betri yenyewe hakuna aliyeiuliza. Inaweza kuwa imekufa na sisi tukajua siku umeme unakatika."

"Basi iulize kila siku," nikamcheka.

"Nikiiuliza kila siku ntaichosha mwenyewe. Na Bi Sukaina atanifukuza, namzimia duka wateja wamejaa."

Akafikiri siku mbili. Mtoto yule hufikiri taratibu kama anayechambua mchele. Mwisho akaja na Ijumaa: duka hufungwa saa ya sala, mteja hakuna. Wanaume tukenda msikitini, yeye hujifungia ndani, akazima swichi kubwa, akakaa na saa yake kusikiliza friji. Ikivuma mpaka tutoke, anaandika kwenye kipande cha boksi kilichotundikwa nyuma ya mlango. Betri mpya, alisema, ingetosha mara moja kwa mwezi. Yangu, kwa uzee wake, kila wiki.

Mimi nikitoka msikitini nampitia makusudi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo."

Nikaucheza mchezo huo Ijumaa kumi na moja, na baraza nzima ikicheka nami. Ya kumi na mbili nikamkuta amesimama mlangoni.

"Mgonjwa hajambo?"

"Kafa, Mjomba. Dakika sita tu, friji ikanyamaza. Nimeurudisha umeme papo hapo, dawa haijadhurika."

Nikaingia. Taa yangu ya kijani inawaka, haina hata haya. Bi Sukaina akanitazama juu ya miwani.

"Bwana Ubwa, si uliniambia nilale?"

"Nilisema ulale. Sikusema fofofo."

Hakucheka mtu. Alasiri ile ile Riyama akafunga betri mpya.

Jumanne umeme ukakatika tangu asubuhi, ukarudi alasiri. Nilikuwa nishamaliza dawa nyumbani, nikaenda dukani kabla haujarudi, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilipofika mlangoni nikaisikia friji inavuma. Riyama akanipa kichupa changu, baridi ikaniingia vidoleni. Nikakishika muda kidogo kabla ya kukitia mfukoni.

"Utakuja lini kuiuliza tena?" nikamwuliza.

"Betri mpya hii, Mjomba. Mara moja kwa mwezi."

"Mimi ntapita kila Ijumaa."

Akacheka, akanipa kalamu niweke alama mwenyewe kwenye boksi. Na wakikuuliza nani aliifunga betri ile mpya, sema Riyama. Lakini tochi nilishika mimi.