Kiungo Kwenye Bangili

Enzi za Mwingereza, mtu wa Kibiti akitaka kuoa, dhahabu yake ilipita kwanza mikononi mwa Bi Zamda, mjane wa sonara Mwinyimvua. Marehemu mumewe alimwachia jiwe jeusi la kusugulia, kichupa cha tindikali na macho makali. Mhuri wa karati ishirini na mbili haukumbabaisha hata kidogo. "Mhuri hata mwongo anaupiga," alisema, huku akiisugua pete ya bwana harusi jiweni. Alama ikibaki njano chini ya tindikali, heri. Ikififia, jamaa aliondoka kajiinamia, na mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri.

Lakini Zamda huyo huyo aliamini kwamba mdogo wake Johari yu hai. Mwaka wa mafuriko mtumbwi ulipinduka huko delta, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Ndugu walipotaka kusoma hitima, Zamda aliwatimua. "Mnamsomea mtu anayekula wali wake?" Akisikia bangili zikigongana njiani kama za Johari, hutoka mbio mpaka mlangoni. Hakuna mtu, na mchanga hauna nyayo. Majirani wakaanza kumwogopa.

Siku moja akaja Bwanaheri, mkata mikoko wa visiwani, na bangili aliyotaka kuitoa iwe mahari ya mwanawe. Zamda akaigeuza. Ndani, kando ya namba ya karati, palikuwa na kinyota ambacho Mwinyimvua alikipiga kwa ajili ya harusi ya Johari, wala hakukirudia kwa mwingine.

"Kakuuzia wapi?" akauliza kwa furaha. "Yuko wapi?"

"Nani, bibi?"

Mikono ya Zamda ikafanya kazi iliyoizoea, akaisugua bangili mzunguko mzima. Njano, njano tena. Kisha mahali pamoja alama ikageuka kijani, ikafutika. Lehemu. Bangili ilikatwa kwa tupa, halafu ikaungwa. Mke wa sonara alijua kwamba bangili ikibana, mwenyewe huivua kwa sabuni. Hukatwa pale mkono ulipovimba kupita kiasi.

"Nani kaikata hii?"

Bwanaheri akainamisha kichwa. "Marehemu mama. Alikuwa mwosha maiti. Tulimkuta mwanamke mikokoni, kavimba, bangili imezama nyamani. Mama akasema maji ya josho sharti yafike kila mahali. Akaikata taratibu, kama anaogopa kumuumiza. Baadaye akaiunganisha kwa fundi, akaiweka amana. Hakuja mtu kuuliza, hata mama mwenyewe akafa."

Hakuja mtu kuuliza. Maneno hayo yalimchoma Zamda kuliko kifo chenyewe. Miaka yote alikuwa akingoja, na kwa kungoja hakutafuta.

"Mlimsalia?"

"Tulimsalia, bibi. Ila kwenye talakini, pale kaburini, tulikwama, maana maiti huitwa kwa jina lake na la mamake. Tukamwita binti Hawa basi, kwa mama yetu sote."

Zamda akajifunika kanga usoni, akamlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza. Sauti ilipomrudia, alilitamka jina polepole, ili mkata mikoko aweze kwenda nalo hadi kaburini kwake.

"Johari. Johari binti Tabu."